Adapta ya chaja ya kasi imechelewa: mwongozo kwa mwenye Leaf anayesubiri mzigo

Muuzaji aliniambia siku 15. Adapta ikafika baada ya wiki 11. Katika muda huo niliunguza soketi moja ya ukumbini, nikakosana na wakala wa mizigo, na siku moja vijana wa bodaboda wakanisukuma kama mita 200 hadi kituo cha petroli, ambako msaada pekee uliopatikana ulikuwa soketi ya friji ya soda.

Gari langu ni la umeme, Nissan Leaf ya 2016, betri ya kilowati-saa 30 lilipokuwa jipya, nililonunua Mombasa likitokea Japani kama yalivyo mengi yanayoonekana mitaani kwetu. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye ameshalipa, kila asubuhi anafungua simu kuangalia mzigo umefika wapi, na mzigo uko palepale. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4 inayohusu soketi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuchoma nyumba. Mengine yanaweza kungoja.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichoagiza ndicho unachokihitaji

Fungua kifuniko kilicho puani mwa gari. Utakuta matundu mawili. Dogo ni Type 1, la umeme wa kawaida wa nyumbani. Kubwa, la duara, upana wake kama mdomo wa bilauri, ni CHAdeMO, la chaja ya kasi.

CHAdeMO ni mtindo wa Kijapani, na chama chake kiliundwa mwaka 2010, mwaka uleule Leaf ya kwanza ilipoingia sokoni. Wajapani wenyewe hulifanyia mzaha jina hilo kwa sababu linakaribiana na maneno yao ya kumkaribisha mtu chai: gari linapojaa, wewe keti unywe. Na chai kwao ni cha, hawako mbali na sisi. Tatizo ni kwamba chai hiyo imepoa. Ulaya ilichagua CCS2, mtindo mwingine wa chaja ya kasi, na hata Nissan walipotangaza gari lao la Ariya mwaka 2020 waliliwekea CCS kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Chaja za kasi zinazofungwa kwetu sasa nyingi zina mdomo wa CCS2, huku magari tunayoshusha bandarini kutoka Japani yana tundu la CHAdeMO. Adapta inakaa katikati ya hao wawili.

Nao hawasikilizani hata kidogo. Gari la CHAdeMO huongea na chaja kwa nyaya za CAN, aina ileile inayounganisha kompyuta za ndani ya gari. CCS hupitisha maneno yake kwa njia nyingine kabisa, juu ya waya mmoja wa ishara. Kwa hiyo adapta ni mkalimani: chaja inaamini inahudumia gari la CCS, na gari linaamini limefungwa kwenye chaja ya kwao Japani. Ndani yake mna kompyuta ndogo, programu, na mara nyingi betri ndogo ya lithiamu ya kuiamsha kabla umeme mkubwa haujaanza kupita. Iweke akilini hiyo betri ndogo. Ndiyo iliyonilia wiki 6 kati ya 11.

Sasa rudi kwenye oda yako usome upya. Inatakiwa iseme CCS2 kwa upande wa chaja na CHAdeMO kwa upande wa gari. Ikisema Type 2 kwenda Type 1, umenunua kebo ya umeme wa kawaida, kitu kizuri lakini si hiki. Ikisema GB/T, hiyo ni ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la China. Bei nayo ni shahidi: adapta ya kweli ya kazi hii huuzwa kwa mamia ya dola, nyingine zikakaribia 1,000, na ina uzito wa kilo 3 au 4. Ukiona umelipa shilingi elfu tano, acha kusubiri, anza kudai pesa zako.

Hatua ya 2: Uliza habari za betri, usiulize "itafika lini"

Wiki tano za mwanzo nilikuwa namwuliza muuzaji swali moja: itafika lini? Naye ananijibu jibu moja: hivi karibuni. Swali hilo halina mtu wa kulijibu, kwa sababu muuzaji hajui na wakala hajali.

Kilichofumbua fumbo ni kuuliza kama ndani ya adapta mna betri ya lithiamu, na kama mzigo ulikabidhiwa pamoja na karatasi zake. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya kifaa inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari kwenye ndege. Lazima itangazwe, iwe na lebo yake, na iambatane na ripoti ya kipimo kinachoitwa UN 38.3 na karatasi ya usalama wa bidhaa. Muuzaji asipozitoa, mwenye ndege hapakii. Mzigo unarudishwa bohari kimyakimya, na kwenye simu yako unabaki umeandikwa kwamba unashughulikiwa. Wangu ulirudishwa mara mbili, na hakuna aliyenipigia.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji maswali manne katika ujumbe mmoja. Je, adapta ina betri ndani, na ni ya aina gani? Mzigo unakuja kwa ndege au kwa meli? Ripoti ya UN 38.3 na karatasi ya usalama amezikabidhi kwa nani, na anaweza kukutumia nakala? Uzito ulioandikwa kwenye lebo ni kilo ngapi? Hili la mwisho linaonekana la kitoto, lakini mzigo unaotakiwa kuwa na kilo 4 ukiandikwa gramu 300, jua kilichotumwa ni kingine.

Zingatia pia maana ya maneno unayoyaona unapofuatilia. Kuwa lebo imetengenezwa haina maana kwamba mzigo umetoka. Maana yake ni kwamba mtu amechapa karatasi. Mpaka uone umepokelewa na msafirishaji, hesabu kwamba bado uko mezani kwa muuzaji. Na kama uliagiza kuelekea mwaka mpya wa Kichina, ule wa Januari au Februari, viwanda hufungwa na watu hurudi makwao. Hapo hata ukipiga kelele unapigia ukuta.

Akikwambia njia iliyobaki ni meli, usikasirike haraka. Kutoka China kusini hadi Kilindini ni mwezi na zaidi ukijumlisha kujaza kontena na kulitoa bandarini, lakini betri haisumbui sana kama kwenye ndege, na gharama hushuka. Mimi ningechagua meli tangu mwanzo kama ningejua.

Jambo moja la forodha. Wakala wako anaweza kukushauri thamani iandikwe ndogo ili ushuru upungue. Kataa. Ni kosa kisheria, na zaidi ya hapo mzigo ukipotea utalipwa ile thamani iliyoandikwa, dola 40 kwa kitu cha dola 900. Mpe ankara ya kweli na picha ya adapta yenyewe, maana afisa ambaye hajawahi kuiona atashindwa kujua aiweke fungu gani, na kila siku anapojiuliza, bohari inakutoza.

Hatua ya 3: Linda pesa kabla dirisha halijafungwa

Masoko makubwa ya mtandaoni hushikilia haki yako ya kurudishiwa pesa kwa idadi fulani ya siku, kisha haki inakufa yenyewe. Tafuta tarehe hiyo leo. Iandike ukutani. Siku saba kabla haijafika, omba iongezwe; isipoongezwa, fungua malalamiko. Muuzaji atakuandikia kwa upole sana akikuita rafiki na kukusihi usifungue, mzigo uko njiani. Jibu kwa upole uleule, na ufungue.

Ukilipa kwa kadi ya benki, unaweza kwenda benki kupinga malipo, nako kuna siku zake. Ukilipa kwa M-Pesa kwa wakala wa mtaani, ile pesa ni yake tayari. Kinachokulinda ni risiti yenye jina la bidhaa, tarehe ya kufika aliyoahidi na sahihi yake. Kama hukuchukua, nenda kaichukue sasa wakati bado mnasalimiana.

Na usiagize adapta ya pili kwa uchungu. Nilikaribia kufanya hivyo wiki ya nane.

Hatua ya 4: Soketi

Hapa ndipo nilipokosea vibaya, na ndipo naona wenzangu wengi wanakosea.

Gari lilikuja na kebo yake ya Kijapani. Kebo hiyo imetengenezwa kwa volti 200 na huvuta ampea 14 au 15. Walioniuzia gari walikata plagi ya Kijapani, wakafunga hii yetu ya pini tatu, wakanipa funguo na kunitakia heri. Sasa, soketi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini ampea 13 hizo ni za birika la chai, dakika tano imekwisha. Haikutengenezwa kwa saa kumi mfululizo. Fyuzi iliyo ndani ya plagi nayo haikatiki kwa ampea 15. Inapata joto tu, nalo joto linahamia kwenye pini.

Usiku wa tatu mke wangu alisema anasikia harufu ya samaki. Plastiki ya umeme inapoanza kuiva hunuka hivyo hasa, kama samaki aliyeachwa juani. Nilipoivuta plagi, ilitoka na kipande cha soketi. Tundu la kulia lilikuwa na duara la kahawia iliyokoza, na pini yake imebadilika rangi kama kisu kilichosahauliwa jikoni.

Fundi alipokuja aliitazama akatikisa kichwa. "Bwana, hii imepikwa," akasema. "Umepona kwa kuwa pazia lilikuwa mbali."

Basi fanya hivi. Kebo ya Kijapani iliyobadilishwa plagi iweke pembeni. Nunua kebo ya kuchajia ambayo ampea zake zinachaguliwa kwa kitufe, 6, 8, 10 na kuendelea. Kwenye soketi ya pini tatu, hata iwe mpya na nzuri, usizidi 10. Kwenye nyumba ya zamani weka 8. Usiku wa kwanza, baada ya nusu saa, gusa plagi kwa mgongo wa vidole. Vuguvugu si neno. Ikikufanya uondoe mkono, zima. Gusa tena baada ya saa mbili, maana joto hujijenga polepole.

Kebo ya nyongeza ni bora usiitumie. Ukilazimika, iwe ya waya mnene, na uifungue yote. Ile inayozungushwa kwenye kigurudumu, ukiiacha imejiviringa huku inapitisha ampea 10 usiku kucha, inageuka kuwa jiko.

Suluhisho la kweli ni kumwita fundi mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la mita: waya wa milimita 4 au 6 za mraba kulingana na umbali, breka yake pekee, kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, na mwishoni soketi ya buluu ya viwandani, ile ya duara unayoiona kwenye majengo yanayojengwa. Soketi hiyo imeundwa kubeba mzigo mrefu.

Kwa sisi wa pwani kuna suala la erthi. Kebo nzuri hukagua erthi kabla ya kuruhusu umeme, na isipoikuta inawasha taa nyekundu na kugoma. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, na msimu wa ukame fimbo fupi ya erthi iliyopigwa humo inakuwa kama imepigwa kwenye tofali. Dawa ni fimbo ndefu zaidi, au mbili tatu zilizounganishwa, mahali penye unyevu. Ya kwangu iko karibu na bomba la kuogea la nje. Fundi mmoja alitaka kunimalizia kazi kwa dakika mbili, aunganishe erthi na nyutro ndani ya soketi ili kebo idanganyike. Ukimwona anafanya hivyo, msimamishe. Siku nyutro ikikatika, bodi zima la gari litakuwa na umeme, na mtoto ndiye atakayeligusa.

Chumvi ya bahari pia inakula. Kila mwezi angalia pini za kebo. Ukiona rangi ya kijani, safisha.

Hatua ya 5: Piga hesabu, huenda unasubiri kitu usichokihitaji kila siku

Volti 240 mara ampea 10 ni kilowati 2.4. Toa kinachopotea kwenye joto, betri inapata kama 2. Usiku wa saa kumi unaiingizia betri yuniti 20, yuniti moja ikiwa ni kilowati-saa moja. Leaf kwenye barabara zetu tambarare, AC ikiwa imewashwa, inakwenda kilomita 6 au 6.5 kwa yuniti moja. Hizo ni kilomita 120 na zaidi kwa usiku mmoja, kwa soketi ya kawaida.

Niliandika safari zangu wiki nzima kwenye daftari la duka. Bamburi hadi Mwembe Tayari na kurudi, watoto shule, sokoni, msikitini: kilomita 35 kwa siku. Hizo zinarudishwa kwa saa tatu za kuchaji. Kwa tokeni, ilikuwa karibu yuniti 7 kutoka ukutani, na kwa bei niliyokuwa nalipa, kodi zote zikiwemo, karibu shilingi 30 kwa yuniti, inatoka shilingi 210. Kwa wenye magari mengi, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, iliidhinisha mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti na 8 kwa saa za usiku kabla ya kodi na tozo, lakini inataka mita yake peke yake, na kwa gari moja la nyumbani sioni kama inalipa usumbufu.

Ili hesabu iwe ya kweli lazima ujue betri yako imebaki na nini. Vile vijistari 12 vya pembeni ya dashibodi ni dokezo tu. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD2, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta zake, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Yangu ilikuwa 74. Kwa hiyo si yuniti 30 tena, ni kama 22. Siku niliyosukumwa nilikuwa bado naendesha gari la yuniti 30 kichwani. Taa ya kobe, ile ya kuonya kwamba betri inakwisha, iliwaka Mtwapa nikadhani ina hitilafu. Haikuwa na hitilafu. Saa moja kwenye soketi ya friji ya soda ilinipa yuniti 2, zikanifikisha nyumbani, na mwenye kituo akakataa kuchukua pesa, akachukua soda.

Nitasema na hili, ingawa linauma kwa aliyekwisha kulipa: betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto ndilo adui yake mkubwa. Chaja ya kasi inaipasha. Kuchaji polepole usiku, ukaishia 80 au 90 badala ya kuiacha imejaa tele juani, ni malezi mazuri zaidi kwa betri ya Mombasa. Weka taima imalize karibu na saa ya kutoka.

Hatua ya 6: Nunua kebo ya Type 2 kwenda Type 1

Hii ni adapta ya maskini, na inafika haraka kwa kuwa haina betri wala kompyuta. Inakuwezesha kutumia vituo vya umeme wa kawaida vilivyo kwenye maduka makubwa na hoteli. Usidanganyike na kibao cha kilowati 22: gari lako linachukua tu kile ambacho chaja yake ya ndani inaweza, na kwa Leaf nyingi za Japani ni kilowati 3 hivi, chache zina 6. Saa mbili za sinema zitakupa kilomita 30 au 40. Na angalia kwenye PlugShare, programu ya simu inayoonyesha vituo vya kuchajia, kama karibu nawe kuna chaja yenye mikono miwili, CCS2 na CHAdeMO. Zipo. Piga simu kwanza uulize kama ule mkono wa CHAdeMO unafanya kazi, maana ndio unaosahauliwa ukiharibika.

Hatua ya 7: Safari ndefu

Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwangu. Kwa yuniti 22 naweza kufika nikiwa natetemeka, kwa hiyo nasimama Kilifi. Saa mbili za chakula na soketi ya hoteli niliyoomba kabla ya kuagiza, yuniti 4 zinaingia. Mwendo ni 70, si zaidi. Ukifika 90 upepo peke yake unakula betri.

Usiku nalala kwa shangazi yangu. Mara ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, alinitazama nikivuta kebo kupitia dirishani akauliza, "Mwanangu, hilo gari lako litamaliza stima yangu yote?" Nilimwonyesha hesabu: yuniti 17, kama shilingi 510. Nikamnunulia tokeni za 1,000 papo hapo kwenye simu, akaingiza namba mwenyewe kwenye mita, akaona zimepanda. Tangu hapo ananiuliza nitakuja lini. Nyumba yake ni ya zamani, kwa hiyo ampea 8, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na plagi niliigusa mara tatu kabla ya kulala.

Mwenye nyumba asikie bei kabla hujachomeka, si baada.

Nairobi? Panda treni Miritini. Hata adapta ikifika, panda treni. Ni kilomita 480, unapanda mita 1,700, na kwa betri kama yangu utahitaji kuchaji kwa kasi mara nne au tano huku betri ikizidi kuwa na joto na gari likizidi kupunguza kasi ya kuchaji. Leaf za kilowati-saa 40 zilizotoka 2018 zilijulikana dunia nzima kwa tabia hiyo. Adapta ni ya kukufikisha Malindi na kukurudisha siku hiyohiyo. Ukiinunua kwa matumaini ya Nairobi, umejinunulia huzuni.

Hatua ya 8: Siku inapofika

Usitie sahihi kabla ya kuupima mzigo kwa mkono. Fungua ukirekodi video bila kukata. Tazama pini zote, ya kuingilia na ya kutokea, zisiwe zimepinda. Chaji ile betri yake ya ndani mpaka ijae, maana wiki 11 ndani ya boksi imekufa, na adapta isiyoamka itakufanya udhani umeuziwa jiwe. Mwulize muuzaji toleo la programu lililomo na kama lipo jipya. Husasishwa kwa kijiti cha USB, na mara nyingi sababu ya kugoma kwenye chaja fulani ni programu ya zamani tu.

Jaribio la kwanza lifanyie kwenye chaja iliyo karibu na nyumbani, betri ikiwa kwenye 50, kamwe si kwenye 5. Mwombe ruhusa mwenye kituo. Wengine hawataki adapta na wana haki. Fuata mpangilio wa karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa sababu zipo zinazotaka zifungwe kwenye gari kwanza na zipo zinazotaka mkono wa chaja kwanza. Adapta pamoja na kebo nene ya CCS2 ni uzito mkubwa kwenye pua ya gari, kwa hiyo ishike au iegemeze mpaka ukae sawa. Mvua ikinyesha, ahirisha.

Umeme ukishaanza, kaa hapohapo. Gusa mwili wa adapta kila dakika tano. Ukitaka kumaliza, simamisha kwenye chaja au kwenye programu ya simu, subiri usikie kufuli limeachia, ndipo uvute. Usiivute hata siku moja ikiwa inapitisha umeme.

Yangu ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali: kilowati 38 kwenye kioo, feni ndogo ikavuma ndani yake. Nilichaji dakika 15, nikarudi kesho yake nikachaji 15 nyingine kwenye chaja ya kampuni tofauti. Ndipo nikafungua simu na kuthibitisha kwamba nimepokea mzigo.